Nafuu Hii ni Amana: Waraka kwa Ndugu wa Filamu, Likoni, Kisauni na Changamwe

Kwa waigizaji, waandishi wa miswada, waongozaji, wapigapicha, mafundi wa taa na sauti, washonaji wa mavazi, wapambaji, madereva na vibarua wote wa filamu na tamthilia walio ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Kaka na dada zangu wapenzi,

Nawaandikia kwa mapenzi, ila sitawaficha kwamba moyo wangu una huzuni. Kwa muda mrefu sasa wengi wetu tunasema neno moja: serikali itupe nafuu. Itupunguzie ada za vibali, itusamehe kodi ya vifaa, iwarejeshee watayarishaji sehemu ya gharama zao ili waje kupiga filamu kwetu badala ya kwenda kwingine. Dai hili ni la haki, nami nitalisimamia popote nitakapoitwa. Lakini wakati tunalipeleka mbele ya wakubwa, nyumbani mwetu yameingia mambo ambayo yakijulikana yatatufunga vinywa. Ndiyo maana nimeona niyaseme kwenu kwanza, baina yetu kama jamaa, kabla hayajasemwa na watu wa nje wasiotutakia mema.

Nianze na haki ya dai letu, asije mtu akadhani nataka kulizima. Mnamo Aprili 2009 maharamia waliiteka meli ya Maersk Alabama ilipokuwa ikija Mombasa, ikiwa imebeba chakula cha msaada. Tarehe 11 ya mwezi huo meli ikafika katika bandari yetu, na mabaharia wake wakashuka hapa hapa. Mwaka uliofuata, Shanzu, ndani ya gereza la Shimo la Tewa, ilifunguliwa mahakama maalumu ya kusikilizia kesi za uharamia. Basi visa vya uharamia vimepita mikononi mwetu tangu bahari hadi kizimbani. Hata hivyo, kisa cha meli ile kilipotengenezewa filamu ya Captain Phillips, iliyotoka mwaka 2013 na kumwonyesha Tom Hanks kama nahodha, picha nyingi za baharini zilipigwa Malta, kisiwa cha Bahari ya Mediterania. Malta wana mabwawa makubwa ya kupigia picha za bahari, na tangu mwaka 2005 wana utaratibu wa kuwarejeshea watayarishaji sehemu ya fedha wanazotumia kisiwani. Leo marejesho hayo yanafika hadi asilimia 40. Vivyo hivyo filamu ya Eye in the Sky ya mwaka 2015: kisa chake ni cha Nairobi, lakini mitaa inayoonekana ni ya Afrika Kusini, nchi iliyoanza kutoa marejesho ya aina hii mwaka 2004. Na Mauritius, walio ndani ya Bahari Hindi hii hii tunayoivulia samaki, walianza mwaka 2013 kwa asilimia 30.

Wala asiseme mtu kwamba maji yetu hayafai. Filamu ya Kidenishi ya Kapringen, iliyotoka mwaka 2012 na inayohusu uharamia pia, ilipigwa katika bahari ya huku Mombasa, ndani ya meli ya MV Rozen ambayo yenyewe iliwahi kutekwa mwaka 2007. Wala lugha yetu haina upungufu. Tamthilia ya Sultana ilipoanza kuonyeshwa Citizen TV mwaka 2022, watu wa kila pembe ya Kenya walikaa mbele ya televisheni kufuatilia Kiswahili na maisha ya Pwani. Tuna kivuko cha Likoni, tuna fukwe za Shelly na Bamburi, tuna uwanja wa ndege Changamwe, tuna mikoko ya Mtongwe na Port Reitz, na tuna vijana waliojifunza kamera kwa simu zao wenyewe. Tunachokosa ni mlango ulio wazi na hesabu inayoeleweka. Mtu anayetaka kupiga picha siku mbili tu huenda akahitaji leseni ya taifa, ruhusa ya kaunti, ruhusa ya bandari akigusa eneo lake, ya shirika la wanyamapori akiingia hifadhi ya bahari, na ya mamlaka ya usafiri wa anga akirusha droni. Mgeni huchoka mapema akaenda zake. Mwenyeji huogopa, akapiga kwa kujificha.

Nawaomba pia tujue yaliyokwisha kuandikwa, maana wengi wetu tunadai tusichokisoma. Tume ya Filamu ya Kenya iliundwa mwaka 2005 ili kuikuza kazi hii na kuitangaza nchi kwa watayarishaji. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani iliweka msamaha kwa watayarishaji na mawakala wa filamu kwa pendekezo la Tume hiyo. Sheria ya kodi ya mapato ilimruhusu mtayarishaji wa ndani mwenye leseni kukata gharama ya vifaa vya kupigia filamu katika hesabu yake ya kodi, na mabadiliko ya Aprili 2020 yakaigawa nafuu hiyo kwa asilimia 25 kila mwaka. Je, ni wangapi kwetu waliowahi kuitumia? Ni wachache mno, kwa kuwa nafuu ya kodi humfaa mwenye kampuni iliyosajiliwa, mwenye vitabu vya hesabu na mwenye kulipa kodi kwanza. Asiye na stakabadhi hata moja hana cha kusamehewa. Hilo ni jambo la kurekebisha sisi wenyewe, wala halihitaji kusubiri mkubwa yeyote.

Na kaunti je? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja sinema na maonyesho ya video kwa majina yake miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, na katika orodha hiyo hiyo ikaziweka fukwe. Kifungu cha 209 kinaipa kaunti uwezo wa kutoza kodi za burudani. Maana yake ni kwamba nafuu tunayoitafuta haiko Nairobi peke yake. Sehemu yake iko katika Bunge la Kaunti ya Mombasa, ambamo kila mwaka hupitishwa sheria ya fedha inayopanga ada, na ambamo wamo wawakilishi wadi tuliowachagua wenyewe, wa Mtongwe na Timbwani, wa Mjambere na Junda, wa Chaani na Kipevu. Tukiwa na neno moja, lililoandikwa vizuri, watatusikia.

Sasa, ndugu zangu, nifike kwenye jambo lililonitia huzuni. Tufahamu kwanza nafuu ni nini hasa. Serikali inapomsamehe mtayarishaji ada au kumrejeshea fedha, inaacha au inatoa mali ya umma. Fedha ile ingeweza kununua dawa za zahanati ya Likoni au kuzibua mtaro Kisauni. Mama muuza viazi karai pale Changamwe, ambaye hajawahi kuingia katika filamu yoyote, naye amechangia kwa ada yake ya soko. Anakubali kuchangia kwa kutarajia kwamba mwanawe atapata kazi, atalipwa, atajifunza ufundi, na kwamba fedha itazunguka mtaani kwake, kwa mwenye gari, kwa mpishi na kwa fundi cherehani. Hili ndilo linaloihalalisha nafuu. Likiondoka, inabaki kuwa watu wachache wamekula mali ya wengi. Katiba yetu inalijua hilo, na Kifungu cha 210 kinasema kodi au ada ya leseni haiwezi kusamehewa ila kwa sheria, na kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake katika kumbukumbu zilizo wazi kwa umma, kisha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Nafuu, basi, ni amana. Na amana ina mwenyewe, na ina siku ya kuulizwa.

Nawauliza kwa upole: tumeipokeaje amana hii, hata ile ndogo iliyokwisha kutufikia? Nimewasikiliza vijana wengi wa kwetu, na maneno yao yanafanana. Kampuni inakuja na fungu la kuwalipa watu wa ziada, wale tuwaitao eksitra. Fungu linapita kwa wakala, kutoka kwa wakala kwa dalali, kutoka kwa dalali kwa kiongozi wa mtaa, na kila mkono linamopita linapunguzwa. Kijana aliyesimama juani Shelly tangu alfajiri mpaka magharibi anapewa kilichobaki, tena baada ya wiki kadhaa za kuambiwa subiri. Msichana wa Likoni anaachiliwa saa nane za usiku upande wa Mtwapa bila nauli ya kumfikisha kwao. Na aliyemfanyia hivyo hakutoka ng'ambo za mbali. Ni mmoja wetu, anayeketi nasi barazani na kupaza sauti kuliko wote kwamba serikali haiwajali wasanii. Wazee wetu walisema, dawa ya deni ni kulipa. Hatuwezi kuidai Hazina marejesho ilhali sisi kwa sisi hatulipani ujira wa siku.

Liko na la pili. Sheria yetu inamtaka mtayarishaji wa kigeni apitie kwa wakala wa hapa nchini aliyesajiliwa. Sharti hili liliwekwa ili mwenyeji afaidike na awajibike. Lakini wako kati yetu waliogeuza usajili wao kuwa kitu cha kukodisha. Wanatia sahihi ombi la kazi wasiyoijua, wanachukua chao, kisha hawaonekani tena mpaka ombi jingine. Wengine wamekuwa na mawazo ya kutumia barua ya msamaha wa kodi kuingizia vifaa visivyokuwa vya filamu. Ndugu yangu unayesoma haya, ukilifanya jambo hilo hujaidanganya serikali pekee. Umemfungia mlango mdogo wako atakayekuja mwaka ujao na ombi la kweli, akaambiwa watu wa Mombasa hawaaminiki. Na yule anayewaambia vijana kwamba yeye anajuana na mtu ofisini, walete kidogo wapate kibali bila stakabadhi, huyo anaua kabisa lile tunalolipigania. Kibali kisicho na stakabadhi hakimkingi kijana polisi wakija, na hakiingii katika hesabu yoyote itakayoonyesha kwamba kazi ya filamu iko hapa na inaingiza kitu.

La tatu ni zito, nami nalisema kama mzazi. Wapo mabinti, na hata wavulana, walioelezwa kwamba nafasi katika mchezo haipatikani ila kwa kukubali kwenda chumbani. Jambo hilo ni haramu katika dini zetu zote, na ni jinai katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Pwani yetu ina lugha ya heshima na ina ada ya kumlinda mtoto wa jirani kama wako. Tunaziuza sifa hizo kwenye tamthilia, na watu wanazipenda. Tutawezaje kuziigiza mbele ya kamera na kuzikanyaga nyuma yake? Yeyote aliyefanyiwa hivyo asione haya kuja kwetu. Aliyefanya na ajue kwamba hatutamsitiri kwa kuwa ni mwenzetu.

Tazameni pia yaliyowapata wengine, tupate kujifunza. Jimbo la Michigan, huko Marekani, mwaka 2008 lilitangaza nafuu kubwa ya filamu, hadi asilimia 42 ya gharama. Kamera zilikuja kwa wingi. Lakini hoja ikazidi kwamba mali ya umma inayotoka ni kubwa kuliko inayorudi, na mwaka 2015 wabunge wakaifuta. Afrika Kusini, waliotutangulia na kutushinda, wamepata mtihani wa namna nyingine: Januari 2025 watu wa filamu walitoka kuandamana, wakilia kwamba marejesho waliyoahidiwa na serikali yamechelewa na kazi zinawafia. Ya kwanza inatufundisha kwamba nafuu isiyoonyesha faida kwa mwananchi haidumu. Ya pili inatufundisha kwamba ahadi kubwa isiyolipwa ni mbaya kuliko ahadi ndogo inayotimizwa. Kwa hiyo tusishindane kutaja asilimia kubwa. Tuombe kinachowezekana, kilicho na masharti yanayomlinda mnyonge, na tuwe wa kwanza kuyatii masharti hayo.

Wavuvi wa Mtongwe wana desturi tunayoijua. Chombo kikirudi, samaki hugawanywa hadharani, fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha, fungu la kila baharia, na hata kijana aliyekuwa akikumba maji hupata lake kabla watu hawajatawanyika. Kwa sababu mgao uko wazi, kesho yake watu wote hurudi kazini. Nataka tugawane namna hiyo. Kuanzia sasa, kazi yoyote inayosimamiwa na mmoja wetu iwe na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, hata kama ni ukurasa mmoja, unaotaja ujira, saa za kazi, chakula na usafiri wa kurudi nyumbani. Eksitra walipwe siku ile ile, mkononi mwao au kwa simu zao, si kwa simu ya mtu mwingine. Anayechukua ada ya kutafuta watu aitaje mbele yao. Na katika kila kazi inayotoka nje, tudai vijana wetu wawekwe karibu na mafundi wa kamera, taa na sauti ili wajifunze, wasiishie kubeba masanduku na kuzuia magari.

Kisha tuipeleke hoja yetu kwa kaunti tukiwa kitu kimoja. Yako mambo matatu tunayoweza kuyaomba bila kuona haya. Kwanza, dawati moja la filamu, ambapo mtu ataleta ombi lake mara moja na kujibiwa kwa siku zinazojulikana. Pili, ada ya kaunti iondolewe kwa wanafunzi na kwa watayarishaji wadogo wa hapa, na ipunguzwe kwa mgeni atakayethibitisha kwa majina na stakabadhi kwamba ameajiri na kuwafunza watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Tatu, orodha ya kila aliyepewa nafuu, kiasi alichosamehewa na faida aliyoleta, ibandikwe wazi kila mwaka. Hili la tatu ndilo litakalowashangaza, maana hawakuzoea kuona mwombaji akiomba pia akaguliwe. Lakini ndilo litakalotutofautisha na wanaotaka kula gizani.

Nyakati za kusema nazo zinajulikana. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kaunti iwasilishe taarifa ya mwelekeo wa fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili. Bunge la Kaunti lina wajibu wa kikatiba wa kuwasikiliza wananchi. Vikao vya maoni hufanyika katika kumbi za wadi zetu, na mara nyingi viti hubaki vitupu, kisha tukaja kulalamika maji yamekwisha kumwagika. Aghalabu anayefika ni mtu mmoja kati yetu, tena kwa siri, kwenda kujiombea yeye na kampuni yake. Jambo hilo linavunja moyo. Likoni ikienda kivyake, Kisauni kivyake na Changamwe kivyake, tutapewa makombo, kila mmoja kwa mlango wake, na tutaambiwa tushukuru.

Najua wengi wenu mmechoka. Najua wako mliouza kamera ili kulipa kodi ya nyumba, na mliopanda basi kwenda Nairobi kutafuta kazi ambayo ilipaswa kuwa hapa. Sikuandika haya kuwaongezea mzigo. Nimeandika kwa sababu nawajua: nimewaona mkikesha kumaliza tamthilia kwa kamera moja ya kuazima, mkigawana chai na mkate, bila mtu kumdhulumu mwenzake. Huo ndio undugu uliotuleta pamoja, na ungali hai kwa walio wengi. Waliopotoka nao ni ndugu zetu. Wasifukuzwe kwa matusi wala kuanikwa hadharani kwa kosa la fedha wanaloweza kulirekebisha. Waitwe, wakalishwe, waelezwe, walipe wanachodaiwa, na warudi kundini. Atakayekataa baada ya kuelezwa atakuwa amejitoa mwenyewe.

Basi, kaka na dada zangu, nawaomba mambo mawili kabla hatujakutana tena. Mwenye deni la kijana yeyote wa kazi iliyopita alilipe sasa, hata kwa mafungu. Na kila mmoja ajue siku na ukumbi wa kikao cha bajeti katika wadi yake, na aje na mwenzake. Tukifika pale na mikono iliyo safi, tutakuwa na haki ya kusema kwa sauti, na wakubwa watalazimika kutusikiliza.

Mola awabariki katika riziki zenu na kazi za mikono yenu.

Wenu katika kazi na undugu,
Mwenyekiti